Kando ya Ziwa Kivu kwa Baiskeli: Hesabu Milima, Achana na Kilomita

"Madam, si ulisema leo tunapita kando ya ziwa?"

Aliyeuliza ni mwalimu mwenzangu wa fizikia. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Alikuwa amekaa ukingoni mwa mfereji, kofia ngumu ameivua, anajimwagia maji kisogoni. Tulikuwa tumetoka Rubavu kunapambazuka, tukapanda, tukashuka, tukapanda tena, na ziwa lilikuwa chini yetu mbali kama sahani ya bluu iliyosahaulika bondeni. Nikamwambia ndiyo, tuko kando. Akanitazama kama ninavyotazamwa na wanafunzi nikisema mtihani ni mwepesi.

Mimi nafundisha jiografia Bukoba, nina miaka 46, na nimeiendesha njia hii ya magharibi mwa Rwanda mara tatu, zote likizo ya Juni. Walimu wawili na muuguzi mmoja wameniomba maelezo, kwa hiyo nayaandika mara moja, kila mtu asome.

Nianze na lile kosa la mwenzangu, maana karibu kila mtu hulifanya. Ukiangalia ramani unaona barabara inafuata ufuko kutoka Rubavu hadi Karongi hadi Nyamasheke, unajisemea hapo patakuwa tambarare kama njia ya kwenda uwanja wa ndege wa Bukoba. Sivyo. Zamani maji ya bonde lile yalitiririka kwenda kaskazini, upande wa Ziwa Edward. Volkano za Virunga zikalipuka, zikaziba njia. Maji yakakosa pa kwenda, yakapanda mpaka yakamwagikia kusini kupitia Mto Ruzizi hadi Ziwa Tanganyika. Yalipopanda yaliingia ndani ya mabonde ya mito, kwa hiyo ufuko ukawa na vidole: ghuba, rasi, ghuba, rasi. Vile visiwa unavyoviona Karongi ni vilele vya milima iliyozama. Barabara inabidi iingie kila bonde, ivuke kijito, ipande rasi inayofuata. Ni meno ya msumeno kutwa nzima. Kupanda mlima mmoja mkubwa kisha kushuka ni kazi ndogo kuliko kupanda vilima kumi na tano visivyokupa nafasi ya kupumua. Ndiyo maana nasema hesabu milima. Kilomita 60 za Musanze hadi Rubavu nazimaliza kabla ya chakula cha mchana. Zile 100 hivi za Rubavu hadi Karongi huchukua siku nzima, na jioni nakula kama mtu aliyelima.

BAISKELI

Si lazima iwe ya bei. Yangu ni ya mtumba, ya chuma, ile yenye usukani uliojikunja kama pembe za kondoo. Lakini kuna mambo mawili ambayo sikubali kubishana: gia na breki.

Ilipokuja, duara kubwa la nyuma lilikuwa na meno 25. Kwa Bukoba nilivumilia. Kwa Rwanda, mara ya kwanza, nilisukuma kwa miguu vilima vinne huku watoto wa shule wakinipita wakicheka. Sasa mbele duara dogo lina meno 34 na nyuma kubwa lina meno 34, yaani pedali ikizunguka mara moja na gurudumu linazunguka mara moja. Unaenda polepole kama kinyonga, lakini unaenda umekaa. Ukibadilisha, mwambie fundi aangalie kile kidude cha nyuma kinachohamisha cheni: kama mkono wake ni mfupi hakitafika kwenye meno makubwa, na cheni yenyewe itabidi iongezwe vipande.

Sasa breki. Waswahili walisema kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma, na nadhani aliyesema hivyo alikuwa anatoka Bigogwe kwenda Rubavu. Mara ya kwanza nilishuka pale na raba za breki zilizokuwa zimebaki kama ukucha. Kulikuwa na ukungu, nikawa nazikaba breki zote mbili bila kuachia, kilomita baada ya kilomita, kwa hofu. Nikaanza kusikia harufu, kama malapa yaliyoangukia kwenye mkaa. Nikasimama. Nimeshashuka, nimeilaza baiskeli kwenye nyasi, natafuta maji ya kunywa, ghafla: paa! Tyubu ya mbele imepasuka yenyewe. Rimu ilikuwa imechemka kiasi kwamba hewa iliyokuwa ndani ilivimba. Bibi mmoja aliyekuwa anauza maparachichi kando ya barabara akaja mbio, akaniangalia miguu, akaangalia mikono, akasema "Ihangane, mama," ndiyo pole yao, kisha akaniwekea parachichi mkononi. Laiti tyubu ile ingepasuka dakika mbili mapema nikiwa kwenye kona, nisingekuwa naandika haya.

Basi fanya hivi. Funga raba mpya kabla ya safari na beba seti nyingine mfukoni, kwa sababu mvua na mchanga vinazila upesi. Kwenye mteremko usikabe mfululizo. Acha baiskeli ikimbie pale unapoona mbele, kisha kaba kwa nguvu kabla ya kona, mbele na nyuma kwa pamoja, achia, uingie konani bila breki. Mteremko ukiwa mrefu simama kila baada ya dakika chache, gusa rimu kwa mgongo wa kidole. Ikikuunguza, kaa kwenye nyasi utazame milima. Wenye breki za diski hawana wasiwasi wa tyubu kupasuka kwa joto, lakini hata wao wapumzishe.

Vingine ni vya kawaida: tairi za milimita 28 au pana zaidi, tyubu mbili, viraka na gundi, pampu, spana ndogo za pembe sita, taa nyekundu ya nyuma kwa ajili ya ukungu, koti la mvua. Nguo mbili zinatosha, unafua jioni.

KUINGIA, NA KUHAMA UPANDE

Sisi wa Kagera tunaingilia Rusumo. Mtanzania beba pasipoti. Ndugu zetu wa Kenya na Uganda wana bahati, kitambulisho cha taifa kinawatosha. Daraja la Rusumo liko juu ya maporomoko ya Mto Kagera, na hapo ndipo maisha yanapogeuka: Tanzania tunaendesha kushoto, Rwanda wanaendesha kulia. Utadhani ni jambo dogo. Ukiwa peke yako saa moja asubuhi, hakuna gari, umetoka dukani kununua maji, mwili wenyewe unakupeleka kushoto. Mimi nimebandika kipande cha plasta nyekundu kwenye mkono wa kulia wa usukani. Siku mbili za mwanzo nakiangalia kila ninapoanza safari.

Rudisha na saa nyuma kwa saa moja. Jua la Rwanda linatoka kama saa kumi na mbili na kuzama kama saa kumi na mbili, mwaka mzima, na giza linaingia bila hodi. Panga uwe umefika ifikapo saa kumi na moja. Mifereji ya mawe pembeni mwa barabara ni mirefu, na gizani huioni mpaka uwe ndani yake.

Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu 2008. Mkate wako ufunge kwa kitambaa. Na Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni umuganda: asubuhi watu wote wako kwenye kazi za pamoja, maduka yamefungwa, magari hayatembei. Siku hiyo pumzika, au kama umealikwa, shika jembe. Kuanzia tarehe 7 Aprili ni wiki ya kumbukumbu ya mauaji ya kimbari ya 1994. Huo si wakati wa kupita na mashati ya rangi na muziki kwenye spika.

Kuhusu majira, chagua Juni hadi mwanzoni mwa Septemba. Kuna kiangazi kifupi pia Desemba hadi Februari. Machi hadi Mei kaa nyumbani. Ile milima imelimwa mpaka juu, na udongo ukishiba maji unaserereka. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mafuriko na maporomoko ya udongo yaliua watu zaidi ya 130, wengi wao katika wilaya hizi hizi za magharibi.

SIKU ZA MWANZO

Kuendesha kwenyewe naanzia Kigali. Kigali kwenda Musanze ni zaidi ya kilomita 90. Ukitoka tu Nyabugogo unapokewa na mlima wa Shyorongi, na malori yanaupanda pamoja nawe. Toka mapema sana. Humo utakutana na abanyonzi, yaani waendesha baiskeli za kubeba abiria na mizigo, wengine wameshika nyuma ya lori wanavutwa. Usiwaige. Kuna kushuka kuelekea Gakenke, kisha kupanda Buranga, na hapo ndipo miguu hujua ilichopewa.

Nieleze kidogo kuhusu hawa abanyonzi, maana wao ndio walimu halisi. Mwaka jana kwenye kilima cha baada ya Musanze nilimkuta kijana amebeba magunia mawili ya viazi juu ya karia, baiskeli ya gia moja. Mlimani anasukuma, bega kwenye gunia, hatua fupi fupi. Nikampita nikiwa najisikia bingwa. Nikasimama kunywa maji, akanipita. Nikampita, nikasimama kula ndizi, akanipita. Hakusimama hata mara moja. Kilimani juu akapanda, akashuka akikanyagia ndala kwenye tairi la nyuma kama breki, akapotea. Tangu hapo mlimani nachagua mwendo ambao naweza kuzungumza nao sentensi nzima bila kuhema. Nikishindwa kumaliza sentensi nashusha gia.

Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza kufanyika Afrika. Mbio za wanaume zilikuwa kilomita 267.5, akashinda Tadej Pogačar, na waliofika mwisho walikuwa 30 tu. Nasema haya ili usione haya kushuka na kusukuma.

Musanze hadi Rubavu ni fupi. Asubuhi ikiwa safi unaziona volkano kulia kwako, na Karisimbi yenye mita 4,507 ndiyo mrefu wao. Mukamira ni baridi, vaa koti. Bigogwe kuna malisho na ng'ombe. Humo katafute duka la maziwa unywe ikivuguto, mtindi wao, kikombe kikubwa. Kisha ule mteremko niliousema.

Rubavu Kiswahili kinatembea vizuri, kwa sababu Goma iko ng'ambo ya mpaka tu, nyumba kwa nyumba. Tangu Januari 2025, Goma ilipoingia mikononi mwa waasi wa M23, mimi mpaka siusogelei, na kabla ya kusafiri nauliza wenyeji hali ikoje. Fanya hivyo hivyo. Na kama una hema, usilipige kwenye kishimo chochote maeneo hayo. Kuna hewa nzito ya kaboni inayotoka ardhini na kutuama mabondeni, na watu wa Goma wanaiita kwa Kiswahili chetu: mazuku. Haina rangi, inaua aliyelala.

RUBAVU HADI KARONGI

Hii ndiyo siku yenyewe. Lami ni nzuri, pengine nzuri kuliko nyingi nilizopita. Wenyewe lami wanaiita kaburimbo. Kuna pia ile njia ya vumbi ya Congo Nile Trail, kilomita 227 kutoka Rubavu hadi Rusizi, lakini hiyo ni ya tairi pana na moyo mpana.

Pata chai na chapati mbili kabla ya kutoka, kisha beba mandazi na ndizi. Kwenye vilima virefu maduka yapo lakini hujui yako wapi, na Kiswahili chako sasa kinaanza kuisha. Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, ila bibi wa Rutsiro hajaambiwa. Jifunze machache: mwaramutse asubuhi, mwiriwe mchana, murakoze kwa asante. Maji ni amazi, na ndizi za kupika ni ibitoke, sisi Wahaya tunacheka tukisikia hivyo kwa sababu ni karibu neno letu. Neno la hatari ni hafi. Kwao lina maana ya karibu, yaani si mbali. Nilimuuliza mzee mmoja kama kilele kiko mbali, akasema "ni hafi." Nilipanda dakika 50. Kwa mtu anayekwenda sokoni kwa miguu na mbuzi, hiyo ni karibu kweli. Tangu siku hiyo siulizi umbali, nauliza kama kuna umusozi, mlima, na nahesabu vidole anavyoonyesha.

Watoto watakukimbilia. Watapiga kelele "Komera!", jipe moyo, na watakimbia nawe mlima mzima peku bila kuhema, jambo linaloudhi. Wengine wataomba agachupa, kichupa cha maji. Mimi siwapi vitu barabarani, maana atakayekuja nyuma yangu atadaiwa, na mtoto anayekimbilia chupa haangalii lori. Nawasalimu kwa heshima na kuwauliza wako darasa la ngapi. Ualimu hauna likizo.

Gawanya siku hivi: sehemu ya kwanza kabla ya saa tatu na nusu, jua likiwa bado laini. Chakula kizito saa tano hivi kwenye kituo cha Congo Nil huko Rutsiro, wali na maharage na isombe, yaani kisamvu chao. Kaa saa nzima. Baada ya hapo usiangalie saa wala kipimo cha kilomita. Ukifika njia panda ya Rubengera, barabara ya Muhanga inaingia kutoka kushoto. Shika ya kulia, unashuka kwenda Karongi.

Karongi lala siku mbili. Agiza sambaza za kukaanga, hawa ni dagaa walioletwa kutoka Ziwa Tanganyika miaka ya 1950, wakazaana humu. Jioni kaa ufukoni: wavuvi wanatoka na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, wanaimba kwa mpigo wa makasia, na taa zao hubaki ziwani usiku kucha. Kwenye rasi kuna kanisa na makaburi ya waliouawa hapo mwaka 1994. Nenda kwa miguu, baiskeli iache hotelini.

HADI NYUNGWE

Karongi hadi njia panda ya Ntendezi ni kama kilomita 90, msumeno ule ule, ila mashamba ya kahawa yanakaribia zaidi na magari yanapungua. Ukichoka, Kibogora kuna pa kulala. Sina la kuongeza. Kama uliweza siku ya Rutsiro, hii utaiweza kwa kulalamika tu.

Kutoka Ntendezi kulia ni Rusizi, mpakani na Bukavu. Kushoto ni msitu wa Nyungwe. Lala karibu na Gisakura, kwenye mashamba ya chai, ili uingie msituni alfajiri. Ndani ni zaidi ya kilomita 50 bila duka, bila nyumba, bila pa kujikinga. Barabara inapanda hadi karibu mita 2,500. Beba maji lita tatu, chakula cha siku nzima, na nguo kavu ndani ya mfuko usiopitisha maji, kwa sababu humo mvua huja hata Juni, na ukilowa mtelemko unakugandisha vidole usiweze kukaba breki. Glovu za sufu za shilingi elfu tatu za sokoni Bukoba ndizo zilizoniokoa. Utaona askari wamesimama kimya miongoni mwa miti, wasalimu uendelee. Nyani wamekaa juu ya ukingo wa lami kama wakaguzi. Usile mbele yao. Mwenzangu alifungua pakiti ya biskuti na hakupata hata moja.

Juu kabisa kuna mgawanyo wa maji. Tone linaloanguka upande ulikotoka linakwenda Kongo, hadi Atlantiki. La upande wa pili linaingia vijito vya Nyabarongo, kisha Kagera, na Kagera inaingia Ziwa Viktoria kaskazini ya Bukoba. Nilisimama pale nikamwaga maji kidogo ya chupa yangu upande wa mashariki, nikayaambia yatangulie nyumbani. Mwenzangu akasema uvukizi pekee utayamaliza kabla ya Rusumo. Fizikia.

Ukitoka msituni ni Kitabi, chai pande zote, jua linarudi, na barabara inapanda na kushuka hadi Nyamagabe na Huye, kilomita 55 au zaidi. Huye kuna mabasi ya Kigali. Patana nauli ya baiskeli kabla hawajaipakia, toa gurudumu la mbele mwenyewe, na upande wa cheni uwe juu. Kondakta atataka kuilaza upande ule mwingine. Simama naye mpaka mlango wa buti ufungwe.